Raba fupi za kikapu za mtindo wa zamani: nichague rangi gani nizivae kila siku?

Kitambaa_Kijivu (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Ninaomba ushauri kwa wale wanaovaa raba fupi za mpira wa kikapu za mtindo wa zamani, yaani zile zinazoishia chini ya kifundo cha mguu, kama vile Nike Dunk Low, adidas Forum Low, Puma Suede, New Balance 550, Air Jordan 1 Low na Converse All Star fupi. Kwa miaka mingi nimevaa viatu vyeupe na vyeusi peke yake, na sasa nimechoka navyo. Nataka jozi moja yenye rangi, tena isiwe ya kukaa kabatini ikingoja sherehe. Nataka niivae kazini, katika shughuli za mchana na katika matembezi ya jioni.

Nguo zangu nyingi ni za bluu iliyoiva, kijivu na nyeusi, na suruali zangu ni pana kuanzia gotini kwenda chini. Ofisini hatubanwi na sare, ila nisingependa kila kikao kifunguliwe kwa maoni kuhusu miguu yangu. Natembea sana, nasimama sana, na miguu yangu ni mipana pale vidole vinapoanzia.

Kinachonitatiza hasa ni rangi. Nikizitazama picha, kila rangi inapendeza. Nikifikiria kuivaa siku tatu mfululizo, nasita. Mnaichaguaje rangi ambayo haitawachosha mapema? Na je, ni kweli kwamba rangi kali hupauka upesi, au inategemea kiatu chenyewe?

Mshona_Mistari

Ndugu mleta mada, kabla ya kujiuliza ni rangi gani, jiulize rangi hiyo imekaa wapi kwenye kiatu. Nyekundu iliyofunika kiatu kizima ni jambo moja, na nyekundu ileile ikiwa kisiginoni na kwenye alama ya ubavuni tu ni jambo jingine kabisa, hata kama zote mbili zimeandikwa jina moja kwenye sanduku.

Umesema suruali zako ni pana. Basi simama mbele ya kioo ukiwa umevaa viatu ulivyo navyo sasa, uangalie kinachobaki kuonekana. Ulimi, kamba za juu, kola na kisigino vyote vimefunikwa. Kinachoonekana ni sehemu ya mbele, kuanzia nchani hadi karibu na mstari wa pili au wa tatu wa kamba, pamoja na ukingo wa soli. Mtu mwenye suruali ya namna hiyo akinunua kiatu cheupe chenye kisigino cha kijani, amenunua kiatu cheupe, na hiyo kijani atakuwa akiiona mwenyewe anapovua viatu. Kwako wewe rangi ni lazima iwe kwenye vipande vya mbele. Anayevaa suruali nyembamba inayoishia juu ya kifundo ndiye mwenye uhuru wa kuchagua kiatu ambacho uzuri wake uko nyuma.

Nike Dunk ni mfano mzuri wa kujifunzia jambo hili. Ilitoka mwaka 1985, na Peter Moore, aliyebuni pia Air Jordan ya kwanza, hakuigawia rangi kwa kufuata mitindo ya mwaka ule. Ilikuwa raba ya timu za vyuo vikuu vya Marekani, na kila chuo kilipata rangi zake: Kentucky bluu na nyeupe, Syracuse chungwa na nyeupe, Michigan njano na bluu iliyoiva, Iowa njano na nyeusi. Rangi za timu hutakiwa zitambulike kwa mbali, na ndiyo maana kwenye kiatu hicho hazizidi mbili, na mpaka kati ya rangi moja na nyingine unafuata mshono. Vipande vya chini, yaani ubavu na sehemu iliyo juu ya vidole, vina rangi ya kwanza. Vipande vilivyoshonwa juu yake, kuanzia kinachozunguka ncha hadi cha kamba, cha kisigino na alama ya ubavuni, vina rangi ya pili. Utaratibu huo ndio unaofanya kiatu cha njano na nyeusi kivalike mwaka mzima, ilhali kiatu kingine chenye njano kidogo tu iliyotapakaa ovyo kinakuwa kama kimemwagikiwa. Rangi ya tatu ikiingia, na mara nyingi huingia kupitia soli, kiatu huanza kudai nguo zake chenyewe.

Kuhusu ofisi yako, usiwe na hofu kubwa. Mwaka 1985 NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, iliandika barua kuvikataa viatu vyekundu na vyeusi vya Michael Jordan kwa kuwa vilikiuka kanuni za sare za ligi, na leo mchanganyiko huohuo umezoeleka kiasi kwamba ukiingia nao kwenye kikao hakuna atakayeinua kichwa.

Kwa nguo zako, ningeepuka jambo moja tu: bluu inayokaribia bluu ya suruali lakini isiyolingana nayo. Inaonekana kana kwamba ulikusudia zifanane ukashindwa. Bluu iliyoiva inapendeza ikikutana na chungwa lililopoa, na kijani ya msitu, au na nyekundu iliyokaribia rangi ya damu ya mzee. Kijivu haina ubaguzi. Suruali nyeusi ndiyo yenye tabu zaidi, kwa sababu kila rangi iliyo chini yake inang'ara mara mbili. Kwa hiyo ijaribu rangi unayoitaka kwanza na suruali nyeusi, na ukiridhika nayo hapo utaridhika nayo popote.

Fundi_wa_Soli

Natengeneza viatu, kwa hiyo nitajibu swali la kupauka tu, mengine nawaachia wenye macho ya mitindo.

Rangi kali haipauki kwa sababu ni kali. Inategemea imewekwa kwenye kitu gani na kwa namna gani. Ngozi laini ya raba hizi kwa kawaida hupakwa rangi juu, kisha hufunikwa kwa utando mwembamba wa kinga. Jua haliiathiri sana ngozi ya namna hiyo. Adui yake ni mkunjo. Kila hatua hukunja kiatu mahali palepale, nyuma kidogo ya vidole, na utando ukichoka hupasuka vimstari vidogo ambavyo chini yake hutokeza rangi ya ngozi yenyewe. Kwenye kiatu cheupe vimstari hivyo huonekana kama uchafu wa kawaida tu. Kwenye chekundu au cheusi vinaonekana kutoka ng'ambo ya chumba.

Kuna njia rahisi ya kujua kabla ya kununua. Kishike kiatu karibu na dirisha ukitazame ukingo wa kipande cha rangi pale kilipokatwa, hasa kando ya matundu ya kamba au kwenye ncha kali ya alama ya ubavuni. Ukiona uso ni mwekundu lakini ukingo ni mweupe au wa kijivu chenye bluu kidogo, rangi imekaa juu tu, na mkwaruzo wa kwanza utaacha doa la rangi hiyo ya ndani. Ukiona wekundu umepenya hadi katikati ya unene wa ngozi, kiatu hicho kitavumilia kukwaruzwa, na hata kikipata alama, brashi na dawa ya viatu vitaificha. Angalizo: viwanda vingine hupaka rangi kwenye kingo ili zilingane na uso, kwa hiyo tazama pia ndani ya tundu la kamba, ambako brashi ya kiwandani huwa haifiki vizuri.

Suedi, yaani ngozi yenye uso wa nyuzi fupi laini, ni habari nyingine. Rangi yake imeingia ndani kabisa ya nyuzi za ngozi, na ndiyo maana inaonekana nzito na tulivu hata ikiwa ni nyekundu au zambarau. Puma iliitoa Suede mwaka 1968, na mwaka 1973 ikaja Clyde kwa ajili ya Walt Frazier wa New York Knicks, mchezaji aliyesifika kwa mavazi kama alivyosifika kwa mpira. Mpaka leo sijaona ngozi laini inayoishika bluu au kijani kwa uzuri unaolingana na suedi. Haipasuki vimstari kwenye mkunjo, hilo ni jema lake jingine. Ubaya wake ni maji na vumbi. Ikilowa, nyuzi hulala na kugandamana, na rangi zilizokolea huweza kuhamia kwenye soksi, kwenye upindo wa suruali na, lililo baya zaidi, kwenye kipande cheupe kilichoshonwa ubavuni pake. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, usugue sehemu ya ndani ya kola isiyoonekana. Kikitoka na rangi, usikivae kiatu hicho na soksi unayoipenda.

Turubai, kama ya Converse, hupauka kwa jua kuliko zote, lakini hupauka kwa usawa, na wako wanaopenda nyekundu yake zaidi ikishafifia. Mimi ni mmoja wao.

La mwisho ni soli. Mpira mweupe, na hasa ule unaopitisha mwanga, hugeuka manjano polepole kwa hewa na jua. Hakuna dawa ya kudumu. Kiatu cha rangi za uvuguvugu, kama njano, chungwa au kahawia, huipokea manjano hiyo bila kuonekana kuzeeka. Cha bluu na nyeupe huonekana kimechoka siku ileile soli inapoanza kugeuka. Ukitaka kukwepa jambo hili, tafuta soli ya rangi ya mpira asilia, ile ya kahawia isiyokolea, au soli iliyotiwa rangi tangu mwanzo.

Rangi_Zote

Nimewasoma wote wawili kwa makini, na bado naona mnamtisha mwenzetu. Rangi isiyochosha ni ile ambayo tayari unaipenda bila kujua. Fungua kabati na droo zako uangalie vitu ulivyonunua bila kuomba ushauri wa mtu: mkoba, mwavuli, ganda la simu, kikombe cha kazini. Kama kuna rangi iliyojirudia humo, basi chukua hiyo. Nami nampinga Mshona_Mistari kuhusu rangi tatu. Zipo raba zenye rangi tatu zinazokaa vizuri kabisa, mradi mojawapo iwe nyeupe au kijivu. Akisema nne, hapo nitakubaliana naye.

Mtembea_Kutwa

Mleta mada ametaja miguu mipana na kusimama sana, nanyi mmeliruka jambo hilo kana kwamba viatu huvaliwa na macho. Naomba nilizungumzie kwa urefu kidogo.

Tukumbuke kwanza kwamba viatu hivi vilibuniwa kwa maarifa ya wakati wake. Converse ilitoa All Star fupi mwaka 1957, ikiwa imewekwa juu ya soli nyembamba ya mpira iliyounganishwa na turubai kwa joto. Adidas ilileta Superstar mwaka 1969, miongoni mwa raba fupi za kwanza za kikapu zilizotengenezwa kwa ngozi, ikiwa na ncha ya mpira mgumu. Wachezaji wakubwa walizitumia uwanjani. Leo hakuna anayezitumia kwa mechi ya maana, na wewe pia usizitumie hivyo, kwa sababu hazina sponji wala mshiko wa raba za kisasa. Kwa kutembea, hata hivyo, zina sifa mbili ambazo raba nyingi za leo zimezipoteza: soli yake ni bapa na imetulia, kwa hiyo mguu hauyumbi, na nyingi zimeshonwa kuzunguka soli, kwa hiyo hazifunguki upesi.

Tofauti za ndani ni kubwa kuliko sura zinavyoonyesha. Nike Air Force 1, iliyobuniwa na Bruce Kilgore mwaka 1982, ilikuwa raba ya kwanza ya kikapu ya kampuni hiyo kuwekewa mfuko wa hewa chini ya kisigino. Ni pana mbele, ni nzito, na watu wengi huivaa kwa nusu saizi chini ya kawaida yao. Dunk ya kawaida haina mfuko huo. Unakanyaga soli ya ndani nyembamba juu ya sponji na mpira, na sehemu ya vidole ni finyu kuliko ya Air Force 1. Zipo Dunk zilizoandikwa SB, zilizoanza mwaka 2002 kwa ajili ya mchezo wa kuteleza kwa ubao, ambazo zina ulimi mnene na soli ya ndani yenye kitu cha kupunguza mshindo. Kwa mtu anayesimama kutwa tofauti hiyo inasikika, ingawa ulimi ule mnene huubana mguu ulioinuka sehemu ya juu, pale kamba zinapofungwa. Converse All Star huja kubwa, na kampuni yenyewe hushauri kushuka nusu saizi. Lakini kwa mguu mpana kama wako ningebaki na saizi yangu na kukaza kamba.

Usiamini namba ya saizi peke yake. Pima miguu yote miwili jioni, wakati imevimba kidogo kwa kutembea, ukiwa umesimama juu ya karatasi na kisigino kimegusa ukuta. Chukua urefu wa mguu ulio mrefu zaidi kwa sentimita, kisha uulinganishe na kipimo cha sentimita kilichoandikwa kwenye kibandiko kilicho ndani ya ulimi. Ukishakivaa kiatu, acha nafasi ya takriban sentimita 1 mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa upana, simama ukatazame mstari ambapo ngozi ya juu inakutana na soli: ngozi ikifura na kuning'inia nje ya ukingo wa soli upande wa kidole kidogo, kiatu hicho ni chembamba kwako, na kuongeza saizi hakutatibu kitu, kwa sababu utapata urefu usiouhitaji na kisigino kitaanza kuchomoka.

Sehemu ambayo watu husahau kuichunguza ni ukingo wa kola nyuma ya kisigino. Kwenye raba ndefu kamba hushikilia kifundo, kwa hiyo kisigino hakichezi. Kwenye raba fupi kisigino hushikwa na kola tu, na kola ikiwa ngumu au imekatwa juu kupita kiasi, inasugua kano iliyo juu ya kisigino mpaka inatoa lengelenge. Panda na kushuka ngazi ukiwa umevivaa kabla ya kuamua. Kutembea juu ya zulia hakutakufunulia lolote.

Kitambaa_Kijivu (mleta mada)

Nawashukuru sana, wakuu. Nimefanya jaribio la kioo, na ni kweli: suruali zangu zinameza nusu ya kiatu. Nimefungua droo pia, na rangi iliyojirudia ni kijani iliyoiva, jambo ambalo sikuwa nimelitambua. Suedi naiweka kando kwa sasa kwa sababu napita kwenye matope mara nyingi.

Nimebaki na njia mbili. Ya kwanza ni New Balance 550 nyeupe yenye kijani. Ya pili ni Dunk Low ya rangi mbili, kijani na nyeupe. Pia kuna mtu ananiuzia jozi ya zamani halisi, isiyowahi kuvaliwa, iliyokaa ndani ya sanduku lake kwa zaidi ya miaka ishirini, na rangi yake ni nzuri kuliko zote nilizoziona madukani. Je, kiatu cha zamani halisi kina ubora gani ukilinganisha na kilichotengenezwa upya kwa sura ya zamani?

Sanduku_Kuukuu

Mkuu, jozi hiyo ya sandukuni ninunulie mimi niiweke kwenye rafu, lakini wewe usiinunue kwa ajili ya kutembea. Watu hudhani kiatu huchakaa kwa kuvaliwa tu. Sponji ya poliurethani, iliyotumika sana ndani ya soli za raba, huvunjwavunjwa na unyevu uliomo hewani hata kama hakuna mguu uliowahi kuingia humo. Mabadiliko hayo huendelea polepole ndani ya sanduku, tena kiatu kilichofungiwa bila kuvaliwa huharibika wakati mwingine kabla ya kile kilichovaliwa kwa kiasi, kwa sababu kukanyagwa husukuma unyevu nje ya sponji. Siku utakapokivaa, kitakuwa kizima kwa muda mfupi tu, kisha soli itameguka vipandevipande njiani na rangi hiyo nzuri haitakusaidia kurudi nyumbani.

Kuna dalili za kuangalia. Bonyeza ukingo wa soli kwa kidole gumba. Ukisikia mlio wa kukauka, ukiona ufa mwembamba, au kidole kikitoka na unga au utelezi wa kunata, kimekwisha. Kiatu ambacho soli yake yote ni mpira mtupu, bila sponji ndani, huishi muda mrefu zaidi, lakini hata hicho gundi yake huwa imekauka na kinahitaji fundi wa kukibandua na kukigundisha upya. Fundi_wa_Soli anisahihishe nikikosea.

Viatu vilivyotolewa upya vina tatizo lake tofauti: jina linaweza kuwa lilelile huku umbo limebadilika. Mfano ulio karibu ni Air Jordan 1 ya kimo kifupi, ambayo huuzwa kwa matoleo mawili. Ile inayoitwa OG inafuata umbo la mwaka 1985, na ulimi wake umeandikwa Nike Air. Ile ya kawaida ina alama ya mchezaji anayeruka kwenye ulimi, na ukiziweka pamoja utaona umbo la mbele halilingani. Kuchagua ya kawaida si kosa, mradi ujue unachagua ipi. Hiyo 550 uliyoitaja ilitoka mara ya kwanza mwaka 1989, ikasahaulika, kisha ikarudishwa mwaka 2020 kupitia ushirikiano na Aimé Leon Dore, kampuni ya mavazi ya New York, kwa hiyo karibu kila jozi utakayokutana nayo ni ya matoleo mapya, na hapo suala la soli kuukuu halikuhusu.

Fundi_wa_Soli

Sina la kumsahihisha. Naongeza tu kwamba nimewahi kuletewa jozi za namna hiyo ambazo mteja alifika nazo zikiwa na soli moja mkononi. Kubadilisha soli nzima kunawezekana, ila inakulazimu upate jozi nyingine ya aina hiyohiyo yenye soli nzima, uiharibu kwa ajili ya kuiponya ya kwanza.

Mshona_Mistari

Kati ya zile mbili zilizobaki, nachagua Dunk kwa macho, na nachelea kumjibia Mtembea_Kutwa kuhusu miguu. Sababu ni ile ile ya suruali. Kwenye 550 nyeupe, sehemu yote ya mbele ni nyeupe yenye vitundu vidogo, na rangi imeachiwa herufi N ya ubavuni pamoja na sehemu chache za nyuma na chini. Chini ya suruali yako itabaki nyeupe na nusu ya herufi. Dunk ya kijani na nyeupe ina kipande cha kijani kinachozunguka ncha yote, na hicho hakifunikwi na suruali yoyote isipokuwa ile inayoburuzwa.

Kama ungekuwa na mpango wa kupunguza upana wa suruali, ningesema 550 bila kusita, kwa kuwa ni tulivu zaidi na inafaa kwa mtu anayetoka kwenye nyeusi na nyeupe.

Mtembea_Kutwa

Kwa miguu mipana, ijaribu Dunk kwa saizi yako, na kama kidole kidogo kinabanwa jaribu kwanza kulegeza kamba mbili za mwanzo badala ya kukimbilia saizi kubwa. Kukivaa kwa siku chache hulegeza ngozi upande huo, ila usitegemee miujiza. Kiatu kinachouma dukani kitauma pia kazini. Ikiwa bado kinabana, angalia Air Force 1 fupi yenye vipande vya kijani mbele. Ni nzito zaidi, lakini itakupa nafasi. Kabla ya kununua soli ya ndani ya kuongeza ulaini, chungulia kama iliyomo inatoka. Nyingine zimegundishwa, na ukiweka ya pili juu yake kisigino kitapanda na kuvuka kola.

Kitambaa_Kijivu (mleta mada)

Nimeelewa. Nitaijaribu Dunk ya kijani na nyeupe jioni, nikiwa na suruali nyeusi kama alivyoshauri Mshona_Mistari, na nitapanda ngazi. Ikinibana nitaiangalia Air Force 1. Swali dogo la mwisho: jozi hizi mara nyingine huja na kamba za ziada za kijani. Nizivalishe, au nibaki na nyeupe? Na nitazifuaje?

Fundi_wa_Soli

Anza na nyeupe, kwa sababu ulimi wa kiatu hicho ni mweupe, na kamba za kijani juu yake zitafanya sehemu ya kati ionekane nzito hata pale suruali inapofunika nusu yake. Ukichoka nayo sura hiyo, badilisha. Kubadilisha kamba ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kupata kiatu kipya bila kununua kingine.

Kuhusu kufua, toa kamba kila mara kabla ya kiatu kuguswa na maji. Kamba za rangi zikilowa zikiwa zimefungwa huacha mistari ya kijani kwenye ulimi mweupe, na mistari hiyo haitoki. Zifue peke yake kwa maji baridi, na ya kwanza kabisa iwe kuzisuuza mpaka maji yatoke meupe. Ngozi yenyewe ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, soli kwa brashi ngumu, ukianza na ngozi na kumalizia na soli ili tope la soli lisirudi juu. Usiingize kiatu kwenye mashine ya kufulia, wala usikianike juani. Kijaze karatasi zisizo na maandishi, maana wino wa gazeti huhamia kwenye kitambaa cha ndani, kisha kiweke kivulini penye upepo mpaka kesho yake.